Tepu ya Fundi Manase

Kwa miaka mitatu Manase hakumtembelea mgonjwa yeyote, na watu wa Singida mjini walimshukuru sana kwa hilo.

Msimdhanie vibaya. Manase alikuwa mtu wa huruma ya kupitiliza, wa kusimamisha baiskeli njiani ili amsaidie mama asiyemjua kujitwisha ndoo. Tatizo lilikuwa kazi yake. Alikuwa anajengea makaburi. Alimwaga saruji juu ya wafu, akawasimamishia msalaba, akawaandikia jina na miaka yao miwili, wa kuzaliwa na wa kufa, akakusanya zana zake akaenda. Sasa mtu wa namna hiyo akipiga hodi kwako wakati mzee wako yuko kitandani anakohoa, utamwambia karibu?

Hakuzaliwa na kazi hiyo. Miaka kumi na miwili alikuwa fundi wa karavati katika shirika moja la umma, anamimina mabomba ya zege ya kupitishia maji chini ya barabara, na alijiona atazeekea huko. Mwaka tisini na moja wakaitwa ofisini mmoja mmoja, wakapewa barua na mkono wa kwaheri. Ndiyo mageuzi yalivyoingia nyumbani kwa Manase, kwenye bahasha ya kaki. Akajaribu kuuza mitumba, ikamshinda mapema kwa sababu alikuwa anawaonyesha wateja matundu ya kwapani kabla hawajayaona wenyewe. Mkewe Selina akamwambia, "Baba, wewe biashara huiwezi. Rudi kwenye saruji."

Na saruji wakati huo ilikuwa imeanza kupatikana. Zamani uliiomba kwa kibali, ukasubiri mpaka ukasahau ulitaka kujenga nini. Sasa ilipangwa dukani, mifuko juu ya mifuko, ruksa kwa yeyote. Familia ambazo makaburi yao yalikuwa tuta la udongo na mawe matatu zikataka nazo za saruji kama wenzao. Jirani mmoja akafiwa, akamwomba Manase afunike kaburi kabla mvua haijalichimba. Kazi ikapendeza. Wa pili akaja, wa tatu akaja, na kabla ya mwaka kwisha hakuna aliyemwita Manase tena. Alikuwa Fundi Makaburi.

Lakini kilichomharibia kabisa ni tepu. Rafiki yake Mzee Sostenes alilala na kifua, Manase akaenda kumwona na machungwa sita kwenye mfuko. Alipoinama kumshika mkono, tepu ya kupimia ikachomoka kwenye mfuko wa shati, ikamwangukia mgonjwa tumboni. Mzee Sostenes aliitazama ile tepu. Akamtazama Manase. Kisha akageukia ukutani, asiseme neno tena mpaka Manase alipoaga. Baada ya siku tano akafa.

Alikufa kwa kifua, daktari alisema. Watu wa mjini walikuwa na maelezo yao. Kuanzia hapo ikasemwa kwamba Manase akikutazama mara moja ameshaujua urefu wako, na kwamba huwa haji kusalimia, huja kupima. Akina mama wakawa wanafunga milango wakimwona anapita karibu na nyumba yenye mgonjwa. Yeye mwenyewe akaacha kuibeba tepu kwenye shati, akawa anaificha ndani ya mfuko wa zana, chini kabisa, kana kwamba ni kitu cha wizi. Na akaacha kuwaona wagonjwa. Aliposikia fulani anaumwa alituma sukari kwa mkono wa Selina, yeye akabaki uani akichekecha mchanga.

Angeweza kuishi hivyo mpaka mwisho wa siku zake, kama si mama mdogo Rahabu.

Rahabu alikuwa mdogo wa marehemu mama yake. Ndiye aliyemlea kijijini Ulemo tangu akiwa na miaka minne, akamwogesha, akamchapa, akampeleka shule. Alikuwa mwanamke wa shoto, mkono wa kushoto ndio uliokuwa na kila kitu, na ukimtazama anapura alizeti ungesahau ulikotumwa. Aliketi chini, miguu ameinyoosha mbele, akavigeuza vile vichwa vilivyokauka na kuvipiga mgongoni kwa fimbo, mbegu zikimwagika kwenye ngozi ya ng'ombe iliyotandikwa, na juu ya mapigo yake akaanzisha wimbo. Wanawake wengine walipura kwa kufuata wimbo wake. Siku asipokuwepo kazi ilichelewa, na hayo waliyasema wenyewe.

Januari ya mwaka tisini na sita miguu ya Rahabu ikavimba, pumzi ikawa fupi, akalala. Manase alipopata habari alifunga safari siku hiyohiyo. Alikuwa ameshanunua sabuni na sukari, ameshaulizia lori la kwenda Ulemo, ndipo abiria mmoja akamletea barua ya Martha, binti wa Rahabu.

"Kaka Manase, shikamoo," Martha aliandika. "Mama anaendelea hivyohivyo. Kaka, naomba usinielewe vibaya. Habari za Mzee Sostenes zimefika mpaka huku. Majirani wameniambia nisikuruhusu kuingia. Mimi siamini, ila mama akikuona mlangoni anaweza akajua amekwisha, na moyo wake hautaki mshtuko. Tuma salamu, atazipata. Usije."

Manase aliisoma akiwa amesimama stendi, akairudia, akaikunja. Sukari na sabuni akampa yule abiria arudi navyo. Alipofika nyumbani Selina alimwona tu uso akajua.

"Nenda," Selina alimwambia. "Yule ni mama yako. Martha asikupangie."

"Nikienda akafa, je?"

Manase hakwenda. Akawa anatuma vitu kila mwezi, na kila gari la Ulemo lilipoingia mjini roho ilimruka, akingoja kuona kama kuna mtu anashuka akimtafuta kwa macho. Alichoogopa kilikuwa kimoja: kwamba ataingia katika nyumba ile siku ya kwenda kumimina zege, na si kabla yake.

Mwezi Mei akaja Mwanabaraka. Huyu alikuwa afisa utamaduni, binti wa ukoo wa wafanyabiashara wa mjini, babu katoka pwani, bibi Mnyaturu wa hapahapa, na mwenyewe alikuwa na maneno ya pande zote mbili. Aliingia uani kwa Manase akiruka mifuko ya saruji, akaangalia misalaba minne iliyokuwa inakauka, akasema, "Fundi, nataka sanamu."

"Ya malaika?" Manase aliuliza. Malaika alishawatengeneza wawili, kwa wenye uwezo.

"Ya mtu. Mtu yuko hai, anafanya kazi yake."

Akamweleza. Mwezi Julai, watu wakishamaliza kuvuna, kungekuwa na tamasha kando ya ziwa Singidani. Ngoma, kwaya, dansi, taarabu, siku mbili mchana kutwa, uwanjani, bila kiingilio. Na sanamu za mafundi wa mkoa zingesimamishwa pale na kubaki palepale, ili anayepita aone kazi ya mikono ya watu wake. Tajiri mmoja wa mashine ya kukamulia alizeti alikuwa ametoa saruji na jukwaa.

"Bila kiingilio kabisa?" Manase akauliza.

"Bure, fundi."

Neno hilo lilikuwa limeanza kuwatia watu wasiwasi. Zahanati ilikuwa sasa ya kuchangia, shule ya kuchangia, hata choo cha stendi kilikuwa na mtu mlangoni. Mjini waliposikia muziki wa bure waliulizana nani anagombea nini. Wengine wakasema mlangoni kutakuwa na karatasi ya kusaini. Mwanabaraka alizunguka wiki nzima akieleza kwamba mlango wenyewe haupo, ni uwanja wazi, na bado hawakumwamini.

"Sijawahi kumtengeneza mtu hai," Manase alimwambia.

"Basi ndiyo uanze, fundi. Mimi nakuachia umchague."

Hakuchukua muda kuchagua. Alikuwa na mtu mmoja tu kichwani tangu Januari. Kama hawezi kwenda kumwona, basi atamwona hapa uani kwake, na hakuna wa kumzuia. Hakumwambia Mwanabaraka ni nani, wala hakupeleka habari Ulemo. Alisuka nondo na waya, akaanza kupandisha zege kidogo kidogo: miguu iliyonyooshwa, mgongo ulioinama kidogo, kitambaa kichwani, fimbo imeinuliwa kwa mkono wa kushoto, na mbele yake vichwa vya alizeti vimelazwa kifudifudi. Uso ulimtesa. Aliubomoa mara tatu. Mafundi wenzake waliopita walimwambia mkono amekosea, watu hupiga kwa kulia, akawajibu waendelee na safari yao.

Siku moja jioni Selina alitoka jikoni na sufuria mkononi, akasimama. "Huyu ni mama wa Ulemo," akasema. Manase akageuka upande wa pili na kujifanya anatafuta mwiko, maana machozi yalikuwa yameshafika.

Ikabaki kazi ya mwisho, ya kujenga kitako kule ziwani na kuipandisha sanamu juu yake. Na hapa ndipo Manase alipofanya kosa ambalo fundi mwingine yeyote wa mkoa ule asingelifanya, maana hakuna mwingine aliyekuwa na mkono kama wake. Alikuwa na fremu moja tu ya mbao. Futi sita na nusu kwa futi mbili na nusu, yenye ngazi tatu, iliyokwishamimina makaburi zaidi ya mia. Akaibeba, akaipanga, akamimina. Mwanabaraka alikuwa amesema kila sanamu iandikwe mwaka wa tamasha, na ya mtu iandikwe pia jina lake. Manase akachukua herufi zake za bati, zege likiwa bado bichi, akagandamiza mbele kama alivyozoea: RAHABU WA ULEMO. Chini yake: 1996. Akalainisha kingo, akafunika yote kwa magunia, akawa anapita asubuhi na jioni kumwagilia maji. Aliiona kazi nzuri na safi. Wala hakuna kitu kilichomgutusha, kwa sababu ndivyo kazi yake ilivyokuwa imeonekana siku zote.

Jumamosi ya tamasha upepo ulivuma kama kawaida ya Singida, vumbi likaingia kwenye meno na katika vipaza sauti, lakini watu walikuja. Kwanza walikaa mbali, juu ya mawe makubwa, wakichungulia kama kuna mtu anadai kitu. Walipoona dakika zinapita na hakuna aliyeombwa shilingi, wakashuka. Bendi ikapiga, kwaya ikaimba, wacheza ngoma wa Kinyaturu wakatimua vumbi juu ya vumbi. Kufikia saa nane uwanja ulikuwa umejaa pomoni, na Mwanabaraka, ambaye hakuwa amepata usingizi kwa wiki nzima, alikuwa anacheka peke yake.

Kisha wakaanza kufunua sanamu. Ya kwanza ilikuwa ya mhunzi, jogoo mkubwa aliyeungwa kwa springi za magari na minyororo ya baiskeli. Watu wakapiga vigelegele. Ya pili ilikuwa ya mchongaji wa Manyoni, ng'ombe wa gogo zima, na wafugaji wakabishana naye kuhusu pembe. Ya tatu ilikuwa ya Manase.

Magunia yakavutwa. Watu wa mbele wakaanza kupiga makofi, halafu makofi yakapungua, yakaisha.

"Mbona kaburi?" mtu mmoja akauliza, wala hakuuliza kwa ubaya.

Manase alitazama, na kwa mara ya kwanza akaiona kama wengine walivyoiona. Kipimo kilekile. Ngazi tatu zilezile. Jina mbele, mwaka chini, kwa herufi zilezile ambazo nusu ya watu wale walikuwa nazo juu ya ndugu zao. Nyuma yake akasikia wanawake wakinong'ona na mtu akicheka kwa pua. Alitamani ardhi impasukie.

Na wakati huohuo lori la Ulemo lilikuwa limesimama. Mwanabaraka alikuwa amewaalika wapuraji waje kuimba nyimbo zao, jambo ambalo Manase hakulijua. Martha alikuwa wa kwanza kushuka. Watu walimpisha, naye akaja moja kwa moja mpaka mbele ya kitako, akasoma.

"Kaka," alisema polepole, "umemzika mama."

Manase akapiga hatua kumwendea, Martha akainua mkono kumzuia.

"Nilikuomba usije. Kumbe ulikuwa unamjengea huku. Bado anapumua, kaka. Yuko pale kwenye lori anapumua."

Manase aligeuka kulitazama lori. Ndani yake, juu ya godoro, kati ya mafungu ya vichwa vya alizeti, Rahabu alikuwa amejiinua kwa kiwiko. Alikuwa amewagomea wote Ulemo. Wanawake wakienda kuimba, nani atawaanzishia? Wakamwambia anaumwa, akasema kuumwa hata kwenye lori kunawezekana.

"Niteremsheni," alisema.

"Mama, usitazame huku," Martha akamwambia, akijaribu kusimama katikati.

"Nimeumia njia nzima kwa mashimo halafu nisitazame? Niteremsheni."

Wanawake wanne wakambeba kwenye kiti, wakamtua mbele ya sanamu. Manase akapiga magoti palepale kwenye vumbi. Hakuwa amemwona kwa muda mrefu. Alikuwa amekonda usoni na kuvimba miguuni, na macho yalikuwa yaleyale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nisogezeni karibu."

Wakamsogeza. Hata watu wa bendi wakashuka jukwaani kutazama. Manase aliangalia kifua cha yule mama kikipanda na kushuka, na moyoni alikuwa anaomba neno moja tu, kisisimame, kisisimame sasa, kisisimame kwa ajili yangu. Rahabu alikuwa amejifunza kusoma utu uzimani, katika madarasa ya kisomo, na mpaka leo alisoma kwa kidole. Akapitisha kidole kwenye herufi moja moja.

"Rahabu wa Ulemo," akasoma. "Moja, tisa, tisa, sita." Kidole kikashuka chini, kikatafuta, kikarudi. "Mwingine uko wapi?"

"Mwingine upi, mama?"

"Mwaka. Baba yake Martha ulimjengea mwenyewe, ukamwandikia miaka miwili. Mama yako ana miwili. Mimi umenipa mmoja. Kaburi gani lina mwaka mmoja?"

Manase akatazama tena chini ya jina, na kweli ulikuwa mmoja.

"Basi huyu hajafa," Rahabu alisema, akageuza shingo kuwatazama watu. "Hamjui kusoma nyie? Huyu anapura."

Mtu akacheka, safari hii kwa mdomo wote, akafuata mwingine. Rahabu hakuwasikiliza. Alikuwa anatazama juu, kwenye ile fimbo, na uso wake ukalegea.

"Mkono wa kushoto hukuusahau," akamwambia Manase, kwa Kinyiramba, lugha ya kwao, sauti chini, wawili tu wakisikilizana.

"Ningeusahauje, mama, wakati ndio ulionichapa?"

Rahabu akacheka mpaka akakohoa, na Martha akakimbilia kumshika mgongo. Kikohozi kilipopita aliomba apandishwe. Wakamkalisha kwenye ngazi ya juu ya kitako, zege likiwa na joto la jua, na miguu yake ikalala kwenye ngazi ya chini bila kuning'inia. Akakaa hivyo kidogo, akisikilizia. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, akapewa fimbo, akaletewa vichwa vya alizeti kutoka kwenye lori, akapiga pigo moja, la pili, la tatu, akaanzisha.

Sauti haikuwa kama ya zamani. Ilikuwa nyembamba na ilikatika katikati ya mstari ili ivute pumzi. Lakini wanawake wa Ulemo waliipokea palepale ilipokatika, wakaibeba, wakaketi chini kumzunguka na fimbo zao, na mapigo yakawa mamoja. Mpiga ngoma mmoja akaingia taratibu. Mpiga gitaa wa bendi akatafuta, akakosea, akapata. Watu waliokuwa wananong'ona dakika chache nyuma wakaanza kucheza, wafanyabiashara wa sokoni na wafugaji na akina mama wa kwaya. Mwanabaraka alifunika uso kwa ncha ya mtandio, akalia na kucheka pamoja.

Manase alibaki amepiga magoti. Selina alikuja akamwinua, akamkung'uta vumbi magotini kama mtoto, naye akamwacha.

Wimbo ulipokwisha Rahabu alimwita. "Hapa miguu yangu imetulia," alisema. "Nyumbani nikikaa kwenye kiti inaning'inia, nikilala pumzi inagoma. Mlangoni kwangu hakuna pa kukaa hivi. Jumamosi ijayo uje Ulemo unijengee baraza la namna hii, niwe napura hapo. Na uje na ile tepu yako. Nasikia umeificha."

"Mama," Martha akasema.

"Nimesema aje."

Jumamosi ile Manase alishuka Ulemo na mifuko miwili ya saruji. Alipokuwa anaisukuma kwenye mkokoteni wa kukodi aliona mapazia yanavutwa, watu wanatoka na kusimama kwenye nyua zao kumtazama. Mlangoni kwa Rahabu akasita. Mkono ukamwenda kwenye mfuko wa zana, ukatoka mtupu. Angeweza kupima kwa kamba, alijiambia, au kwa kukadiria tu akiwa hapo nje, asiingie ndani. Martha akatokea. Alikuwa ameshika kitambaa cha jikoni, anakikunja na kukikunjua.

"Karibu ndani, kaka," akasema.

Chumba kilikuwa na harufu ya dawa ya kuchua na ya mahindi. Rahabu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa gauni safi, miguu inaning'inia. Baada ya salamu hakupoteza muda.

"Haya, iko wapi?"

Manase akapekua mpaka chini ya mfuko, akaitoa. Akapiga nayo hatua moja mbele na kusimama. Mara ya mwisho tepu ile ilipomgusa mtu aliye kitandani, mtu huyo aligeukia ukutani.

"Unangoja nini? Pima kutoka kisiginoni mpaka gotini. Usinipe ngazi ndefu nikaanguka."

Akainama, akavuta. Kila alipoishika juu, ncha ya chini iliteleza kwenye kisigino kilichovimba. Akajaribu tena, ikateleza tena. Ndipo akaona mkono mwingine umeingia pale chini. Martha alikuwa amepiga magoti ubavuni mwake. Akaishika ncha ya tepu kwa vidole viwili, akaibana kwenye kisigino cha mama yake, akaituliza.

"Vuta, kaka," akasema. "Nimeshika."

"Inchi kumi na sita," Manase akasoma.

"Andika usije ukasahau," Rahabu alisema. "Na umpe chai kwanza, Martha, huyu ametoka mbali."

Walikunywa chai pale pale chumbani, watatu, na Manase alikaa na mgonjwa mpaka jua likahama dirishani. Hakuna aliyemwuliza anaondoka saa ngapi. Rahabu alimsimulia habari za kijiji za miezi sita, zote alizozikosa, nyingine mara mbili.

Alipotoka kwenda kuchekecha mchanga, alimkuta mwanamke mmoja wa jirani ameegemea mlango, anamngoja. Alikuwa mmoja wa wale waliomwambia Martha asimruhusu kuingia, na Manase alimjua. Mwanamke aliangalia chini, akachora chora ardhini kwa kidole cha mguu.

"Fundi," alisema, "baba yangu naye amelala, mwezi wa pili huu. Hawezi kukaa mpaka ashikiliwe, naye anahitaji baraza la kuegemea. Ukimaliza hapa, ungepita umpime na yeye?"

"Nitapita," Manase alijibu. Akaichukua tepu, akaiweka kwenye mfuko wa shati, akaenda kuchanganya zege.